Shahidi wa Ndoa za Watu

Kijiwe chetu kiko Minneapolis, ng'ambo ya mahakama: benchi moja la mbao na chupa yangu ya kahawa. Wanakijiwe ni wazee tuliopendana kwa kujificha enzi zetu, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake, na leo tunaota jua mchana kweupe bila mtu kutuuliza. Tangu wiki iliyopita, sheria ilipoanza kuturuhusu kuoana, Mort Zelnick hatoki humo mahakamani. Ndoa hapa inataka mashahidi wawili, na waliokuja pungufu wanamkuta Mort mlangoni, suti ya kahawia, kalamu mfukoni. Sheria hiyo kaipigania miaka arobaini. Alifukuzwa ualimu kwa ajili yake, akalala rumande, akapigwa mayai viza. Sasa anashuhudia ndoa za watu asiowajua, na yake na Arvid, mtu wake wa miaka yote hiyo, haijafungwa. Jambo hilo limetunyima usingizi.

Aliyeanza ni Wakili, ambaye maisha yake yote alikuwa dereva wa wakili.

WAKILI: Ni kodi, nawaambia. Wakioana tu, serikali inajumlisha pensheni zao. Haba na haba hujaza kibaba.

MAMA THELUJI: Kibaba cha nani? Mort hana hata baiskeli.

Mama Theluji aliendesha greda la jiji la kusukuma theluji hadi akastaafu, na anaongea hivyohivyo.

ASKOFU: Kodi wapi! Ana mke.

WAKILI: Weee!

ASKOFU: Kule New Jersey alikozaliwa. Walimwoza angali kijana. Samaki mkunje angali mbichi.

MAMA THELUJI: Huyo mke umemwona?

ASKOFU: Kwani lazima aonekane?

Askofu alifukuzwa seminari kwa kosa letu sote. Imani ilimbakia; ushahidi hauhitaji.

MAMA THELUJI: Hamjui kitu nyie. Mort ni jasusi wa serikali.

— Jasusi gani analala rumande? nikauliza.

MAMA THELUJI: Ndio ujasusi wenyewe, mzee! Waliona tukijificha hatuhesabiki. Wakampanga apiganie ndoa, ili tutoke, tuoane, tuanze kugombania rangi ya mapazia. Sasa nani anaandamana tena? Kimya! Yeye akioa, kavunja mkataba wa kazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

WAKILI: Hiyo methali imeingiaje hapo?

MAMA THELUJI: Kwa mlango wa nyuma. Mimina kahawa.

Nilimimina huku nikicheka, lakini moyoni iliniuma. Kama Mort mwenyewe haoi, sisi tulikuwa tunashangilia nini?

Hapo akatokea Arvid na bakuli la viazi na nyama, chakula cha mchana cha Mort, limefungwa kwa taulo. Arvid ni fundi saa, mtoto wa wakulima wa Kinorwei huko kaskazini, na si mtu wa kijiwe. Akitoa sentensi mbili kwa siku, amehutubia.

ARVID: Mnatusema.

WAKILI: Tunasema hali ya hewa, ndugu yangu.

ARVID: Aliniomba. Siku sheria ilipoanza, jikoni. Akasema, "Arvid, tuoane?"

MAMA THELUJI: Ukamjibuje?

ARVID: Nikamwambia, aa, si lazima, usijisumbue.

Tukaguna sote, maana sisi ni wa hapa. Hapa ukikaribishwa keki unakataa, ukikaribishwa tena unakataa, ya tatu ndiyo unapokea, tena kipande kidogo. Anayepokea mara ya kwanza hakulelewa.

ASKOFU: Na yeye?

ARVID: Akasema, "Sawa." Akaosha vyombo. Kesho yake akaja huku kuwa shahidi.

MAMA THELUJI: Watu wa New Jersey, Mungu wangu!

Arvid akaketi, bakuli mapajani.

ARVID: Majaji walimkatalia, akarudi. Wabunge wakamkatalia, akarudi. Seneta akamfungia mlango, akapitia jikoni. Miaka arobaini hajakubali hapana ya mtu yeyote. Yangu mimi, kwa nini aliikubali mara moja tu?

Wakili akatazama viatu vyake. Askofu, ambaye ana aya ya kila jambo, akasogea kumpa nafasi. Nilimwonea Arvid huruma.

Mort akavuka barabara, mabega yamejaa mchele waliorushiwa maharusi wa watu. Akajibana katikati yetu.

MORT: Mna nini leo?

Arvid akanipokonya chupa, akamimina.

ARVID: Kahawa?

MORT: Hapana, nimeshakunywa ndani.

ARVID: Kahawa, Mort?

MORT: Arvid, nimesema sitaki.

ARVID: Nakuuliza tena. Kidogo tu.

Mort akamtazama. Akatutazama na sisi, mmoja mmoja. Akakipokea kikombe, lakini hakunywa.

MORT: Arvid. Ile siku, jikoni...

ARVID: Ile ilikuwa mara ya kwanza.