Kule Kwenye Miche

Benchi la nje ya duka la Kinyozi lina mguu mmoja mfupi, basi wazee wake huyumba pamoja kama wanaosinzia. Jioni ile Fundi Viatu hakuwa na usingizi. Binti yake, mtu mzima mwenye usonji, alikuwa amemaliza mafunzo ya kilimo kwenye shamba moja, akienda asubuhi na kurudi jioni. Sasa shamba lilelile limepiga simu: kuna kazi kwenye kitalu cha miche, ila akae hukohuko. Fundi hajajibu. Hata baada ya mkewe kufariki, hajawahi kulala kwenye nyumba tupu.

— Mwache aende, akasema Kinyozi huku akimimina kahawa. Mche haumuulizi mtu kwa nini haangalii watu usoni.

— Lakini mche unasikia, akasema Redio, mstaafu asiyezimika. Ukiongea nao polepole, unanenepa.

— Basi kwa upole wa yule binti, tutavuna nyanya kubwa kama mapipa.

— Mapipa? Nyumba. Tutahamia ndani, tutoboe na madirisha.

— Mvua ikinyesha, tutasikia mbegu zikiota ukutani.

Kila mtu akaingia ndani ya nyanya yake. Fundi naye alikiona chumba chake, chekundu, mwanga umepoa, na kitanda kimoja tu.

— Nani atamwelewa kule? Kelele zikizidi huziba masikio, akajikunyata. Mimi ndiye ninayejua kukaa naye kimya.

Hakumwona binti akifika, udongo ungali magotini. Siku zote binti alilipita benchi lile kwa mbali, kwa makelele yake.

— Mnamzungumzia nani?

Redio akakohoa. Kinyozi akaanza kufuta mkasi uliokuwa safi.

— Wewe, mama, akasema Fundi mwishowe. Unataka kwenda?

— Nimeshawaambia wa shambani ndiyo. Miche hainyweshwi kwa simu.

Fundi akasogea kumpa nafasi. Binti akabaki amesimama.

— Kukoje kule asubuhi? akauliza Fundi.

— Kuna ukungu. Maji yanadondoka kwenye nailoni ya kitalu. Tik. Halafu tik. Hakuna anayesema kitu. Jumapili uje. Usije na hawa.

Wale wawili wakacheka chinichini. Fundi hakucheka. Alikuwa amefumba macho, anayasikiliza maji.