Minyoo Niliyoiita ya Watoto

Mwaka 1947, nikiwa na miaka arobaini na moja, nilianza kuwashwa makalioni. Msicheke. Ninyi wa chama cha machela, wabeba wagonjwa, mlinibeba mabegani, mna haki ya kujua mlikuwa mmebeba nini.

Shule nilisoma miaka miwili tu. Lakini shamba langu la Mabira nililifyeka mwenyewe, kahawa nikapanda mwenyewe. Mtu wa namna hiyo hamwambii mkewe kwamba anajikuna kama mtoto. Nikajikuna kwa siri, nikanyamaza.

Siku moja akapita dresa, yule mtu wa zahanati anayefunga watu vidonda. Nikampokea kama tunavyopokea mgeni: nikachota kahawa ya kutafuna kikapuni, nikamtilia kiganjani. Akaitazama, asiitie mdomoni. Ndugu zangu, mgeni asiyetafuna kahawa yako amekutukana!

"Mzee, usikasirike," akasema. "Nimeona watoto wako wanajikuna. Ni minyoo midogo, myeupe kama uzi. Mayai yake hukaa kwenye kucha, mkono ukayapeleka mdomoni. Vidonge hivi mmeze nyumba nzima, na wewe pia."

"Mimi? Minyoo ni ya watoto. Tafuna kahawa au nenda zako!"

Akaenda. Watoto na mama yao wakameza. Vyangu nikavitupa migombani.

Msimu wa kuchuma kahawa ulipofika, tumbo likanishika kitovuni, kisha maumivu yakahamia chini, upande wa kulia. Nikatapika nyongo. Kaka yangu akachemsha omubirizi, yale majani machungu, akanipiga bomba: dawa ikaingizwa kwa nyuma kwa kibuyu. Mara mbili. Ya pili nililia kama ndama, nawaambia ukweli.

Hapo mke wangu akawaita ninyi. Mlinibeba kwenye vilima vile hadi hospitali ya misheni, na kila mlipojikwaa niliwatukana. Mmoja wenu akanijibu, "Mzee, tukana kidogo kidogo, pumzi bado unaihitaji."

Daktari akaniuliza, "Umetumia dawa yoyote?"

"Hapana."

Mke wangu hakuwa amewahi kunipinga mbele ya wageni, kwetu si adabu. Siku ile akasimama. "Daktari, anadanganya. Amepigwa bomba mara mbili. Na miezi mingi anajikuna, anadhani sijui."

Nilitaka kuinuka nimfukuze. Mguu wa kulia ukakataa kunyooka.

"Asante, mama," daktari akasema. "Basi hatuna muda wa kungoja."

Nikapasuliwa siku ileile. Nilipopata nguvu akanionyesha chupa. Ndani mlikuwa na kidole tumbo changu, kimevimba, kimechanwa, na humo vile vinyuzi vyeupe.

"Minyoo hii ndiyo iliyoniumiza?"

"Siwezi kuapa, mzee. Wengi wana minyoo hii na kidole tumbo hakiwaumi. Wengine kinawauma na minyoo hawana. Ila yako ilikuwa humo. Na bomba la tatu lingeweza kukipasua ukiwa nyumbani, ukafa."

Akanipa vidonge. Nikavimeza anaona.

Wabebaji, asanteni, na matusi yale mnisamehe. Dresa nilimfuata hadi zahanati nikamwomba radhi. Mke wangu nilimshukuru mbele ya kaka yangu, na sasa namshukuru mbele yenu. Kwa mtu kama mimi hilo lilikuwa gumu kuliko kisu.

Nanyi sikieni. Ukiwashwa, sema. Nyumba imeze dawa pamoja, baba naye. Kateni kucha, osheni mikono kwa sabuni kabla ya kula. Tumbo likiuma chini kulia, weka kibuyu chini, ita machela.

Leo nina nyumba ya bati, ng'ombe tisa, baiskeli moja, shamba la kahawa na migomba linaloshuka hadi mtoni, watoto sita walio hai, na kovu refu kama kidole hiki.