Sukhdev Gangurde na Mfereji wa Pango la Nne

Tarehe 31 Mei, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, Bwana Sukhdev Gangurde, mhudumu wa Mapango ya Kondhgiri, anastaafu akiwa na umri wa miaka sitini. Kwenye vyeti amezaliwa tarehe mosi Juni, kama nusu ya kijiji chake, kwa sababu mwalimu aliyewaandikisha shule hakutaka usumbufu wa kuuliza. Mwenyewe husema alizaliwa msimu wa mavuno, kwa hiyo serikali imempunja miezi kadhaa.

Alianza kama mfagiaji, akawa mlinzi, kisha mshika ubao. Wageni wengi wanamkumbuka kwa ubao huo uliofunikwa karatasi ya kung'aa: anasimama mlangoni, ananasa jua na kulitupa ndani mpaka ukuta wa mwisho wa pango uonekane. Ole wako umzibe! "Kaka, hilo jua langu, sogea!" Profesa mmoja wa chuo kikuu alifukuzwa hivyo mara tatu kwa siku moja.

Hakuwa na shahada, lakini mwamba aliujua. Aliwaeleza wageni kwamba wachongaji walianzia darini wakashuka, hivyo hapakuwa na nafasi ya kukosea: jiwe likishatoka, limetoka. "Nyumba hii haikujengwa," alikuwa akisema, "ilibaki." Aliwaonyesha mbavu za jiwe zinazoiga boriti za mbao, na vyumba vya watawa vyenye kitanda cha jiwe na mto wa jiwe. "Na wewe unalalamikia godoro la hoteli!"

Kila mwisho wa Mei alipanda juu ya paji la Pango la Nne na mundu na ufagio. Huko kuna mfereji mwembamba, uliochongwa na watu walewale wa kale, unaopokea maji ya mvua kutoka mlimani na kuyapeleka kwenye tangi la mwamba ili yasiteremke ukutani. Alizibua udongo, akakata majani, akashuka kula mkate wake wa mtama na pilipili ya kusagwa. Hakuna aliyemtuma. Ndani ya pango hilo walikuwamo watawa kumi na mmoja waliochorwa juu ya lipu ya udongo, kila mmoja na bakuli lake. Mzee Sukhdev ni Mbudha, kama kijiji chake kizima, na hakuwahi kuwapita watawa hao bila kukunja mikono.

Wasifu wa kawaida ungehamia sasa kwenye mafanikio. Samahanini.

Miaka saba iliyopita ofisi yetu ya mapango ilipata mkuu mpya. Siku yake ya kwanza alimkuta Mzee juu ya pango na mundu mkononi, akampigia kelele mbele ya wageni. "We mzee! Nani kakuruhusu kugusa mali ya kale?"

"Bwana mkubwa, mfereji usiposafishwa maji yata..."

"Omba kwa maandishi!"

Mzee akaomba kwa maandishi. Aliomba mara tatu, kwa mwandiko wake wa shule ya msingi. Mara zote karani alizipokea barua, akazipiga muhuri na kuzitia kwenye droo, maana mkuu alikuwa ameshamfokea: "Usiniletee barua za majani." Kila asubuhi Mzee alichungulia dirishani kwa karani.

"Dada, bado?"

"Bado, mjomba. Subiri kibali."

Akasubiri. Katika miaka yake yote ya kazi, mwaka ule ndio pekee ambao hakupanda.

Mvua ilianza tarehe tisa Juni. Baada ya siku kumi maji yalikuwa yakiteremka ndani ya ukuta. Lipu ikavimba, na watawa wakaanguka vipande vipande, saa nne asubuhi, sisi tukitazama. Mzee aliviokota kwenye ungo huku akilia kwa sauti, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinama kumsaidia.

Tume ya uchunguzi ikaja, ikaandika kwamba mhudumu alizembea kusafisha mfereji. Jamani! Kabla ya kuandika hivyo ilimuuliza karani, Mzee akiwa amesimama palepale, kama kuliwahi kupokelewa ombi lolote. Karani akajibu, "Sikumbuki." Mzee alimwangalia tu.

Kijijini wakamwita mtu aliyewaua watawa. Kwa miaka saba amewaambia majirani "Jai Bhim", salamu ya watu wake, nao wanageuza uso. Mkewe, Mama Kausalya, aliacha kabisa kwenda kwenye sherehe za kuzaliwa kwa Buddha, kwa sababu alichoka kuketi peke yake kwenye mkeka.

Karani huyo ni mimi, Varsha Nikalje, ninayeandika wasifu huu.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwake na zile barua tatu. Mama Kausalya alinipa chai, hakuketi nami. Mzee alivaa miwani, akazisoma zote taratibu.

"Dada," akasema, "umezitunza vizuri."

Sijawahi kutukanwa hivyo maishani mwangu. Nikamuuliza kama nizichapishe.

"Chapisha. Ila zisomwe kijijini. Hapo ofisini simtafuti mtu tena."

Mkuu wetu wa sasa amenitaka nifute aya hizi, eti sherehe ya kumuaga Mzee ni ya furaha. Sikufuta. Barua zote tatu zimechapishwa nyuma ya ratiba hii ya sherehe, mihuri ikionekana, na nakala mia mbili nimezipeleka kijijini kwa mkono wangu, mlango kwa mlango.

Mzee Sukhdev, tunakushukuru. Tunakuombea afya, usingizi mtamu, na majirani wanaoitikia salamu. Uliomba kwa maandishi mara tatu, na siku ile mbele ya tume nilikumbuka zote.