Chipu Ndani ya Kiondo

Wapendwa, mtanivumilia, siku hizi naongea kama mtu anayesoma tangazo. Lakini kikundi chetu kimenituma kwenu wafugaji wa kuku hapa Embu, nami nimesimama.

Mimi ni fundi kule Kianjokoma. Natengeneza mashine za kuangua vifaranga. Sanduku ni la mbao zetu, waya nafunga mwenyewe, lakini kinachoamua joto ni chipu, kidude cheusi kutoka ng'ambo. Nilikuwa najisifu eti mashine ni ya nyumbani. Ya nyumbani wapi!

Chipu zikaadimika dunia nzima. Muuzaji wa Nairobi, kila nikimpigia, ananiambia nisubiri. Nikiwa hapo nasubiri, mashine ya mama mmoja jirani ikaungua chipu, nami sina nyingine. Mayai yake yote yakafa. Akaleta trei akaiweka mezani kwangu, vifaranga wameshaota manyoya ndani ya ganda. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Ndugu zangu, nawaambia sikulia. Nilifunga kibanda changu cha kazi, nikakaa kitandani. Mume wangu akiongea, ilikuwa kama redio ya jirani. Chakula nilikiangalia tu mpaka kipoe.

Siku moja nikasikia nyimbo getini. Mnajua vile akina mama wetu huenda kumwona mzazi aliyejifungua, viondo mgongoni, unga na ndizi ndani? Ndivyo walivyokuja, na kwangu hakuna mtoto. Wakamimina sakafuni redio mbovu, chaja, televisheni iliyopigwa na radi. Yule mama wa mayai ndiye alikuwa mbele. Akasema, "Hatukujua unataka chipu gani, tukabeba zote."

Sikufurahi, nisiwadanganye. Nilishika bisibisi kwa sababu walikaa wakiniangalia. Lakini ndani ya ile takataka nikaona chipu moja ya kawaida inajirudia karibu kila mahali. Nikaacha kungojea ile ya kuagizwa, nikapanga waya upya kufuata hii.

Hii pia ilitoka ng'ambo, sikatai. Lakini sasa iko kwa kila boma, na nikiikosa natembea kwa jirani.

Yule mama akaleta mayai tena. Siku niliposikia kifaranga akigonga ganda, nilihisi njaa. Nikaomba githeri, nikamaliza sahani.

Asanteni, akina mama wa viondo. Na wewe unayeunda kitu, angalia moyo wake umeuweka mikononi mwa nani, na kama unaweza kumfikia kwa miguu.

Kulia, bado sijalia. Lakini kibanda kiko wazi. Leteni mayai.