Rogath Julius Tarimo, Aliyeitwa Mwizi wa Masega (1949–2005)

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani wa Mashati, mafundi mliopanda kutoka Pasua, na wote mliofika, tumsifu Yesu Kristo. Naitwa Stella, mtoto wa kwanza wa marehemu, nina shahada ya sayansi tangu mwaka 2002 na sina kazi, kwa hiyo familia iliona mwenye muda wa kuandika historia hii ni mimi, nami nimeiandika yote, pamoja na mistari ambayo baba mdogo Jovin aliikata jana kwa kalamu nyekundu. I'm sorry, Baba mdogo, shikamoo, lakini nitaisoma.

Marehemu Rogath alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 hapa hapa Mashati, Rombo, katika kihamba hiki, shamba la ukoo wetu, tunamomlaza leo, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Julius na Bibi Anyesi, ambaye mnamwona pale mbele, ana miaka themanini na mbili, na ambaye tangu Jumamosi amekuwa akiuliza swali moja tu, kama mwanawe atazikwa na lile jina. Jina lenyewe ni mwizi, na nitalifikia.

Alisoma shule ya msingi hapa Mashati kuanzia mwaka 1957 hadi 1964, kisha akateremka Moshi kujifunza umakanika kwa mjomba wake aliyekuwa akiishi Rau, akamaliza mwaka 1968 bila cheti ila akiwa na mikono inayojua kazi, mimi nikapata cheti, na nyie wenyewe mnaona nani kati yetu alikula jasho lake. Tarehe 2 Januari 1969 aliajiriwa katika karakana ya malori mjini Moshi, akafanya kazi hapo miaka ishirini na mitano bila onyo hata moja, mpaka tarehe 30 Juni 1994 walipopangwa uwanjani watu arobaini na mmoja, wakasomewa majina yao, wakaambiwa uchumi sasa ni huria, asanteni, next.

Tarehe 28 Desemba 1974 alifunga ndoa na mama yetu, Margareta, katika parokia hii, wakajaliwa watoto wanne, ambao ni mimi, Monica, Gabriel na Herieth, sote tuko hai, na sote tumeshawahi kufua ovaroli lake na kujuta.

Mwezi Agosti 1994 alifungua gereji yake Pasua, wakati magari yaliyotumika Japani yanaingia kwa wingi, yakiwa na vitu ambavyo mafundi wetu hawajawahi kuviona, na hapo ndugu zangu naomba subira kidogo, maana bila haya hamtalielewa lile jina. Kwenye bomba la moshi la magari hayo kuna kopo la chuma, ndani yake kuna kitu chenye vitundu kama masega ya nyuki, kazi yake ni kusafisha moshi, ndiyo maana mafundi wanakiita masega, na mbele ya kopo hilo kuna kidude kinachonusa moshi na kuiambia kompyuta ya injini kama petroli imezidi au imepungua. Kitabu cha Kiingereza nilichokuwa namsomea kinakiita oxygen sensor, mimi kwa usomi wangu nikatafsiri kihisi cha oksijeni, Baba akacheka mpaka akaketi juu ya tairi, akasema, "Mama, hiyo ni pua."

Taa ya injini ikiwaka, mafundi wengine walitoa balbu na kumwambia mteja gari limepona, au waliilaumu pua na kuitupa, lakini marehemu aliunganisha mita kwenye waya wake, injini ikishapata moto akatazama mshale, ukicheza juu na chini ndani ya volti moja akasema pua ni nzima, mgonjwa ni mwingine, na ukilala chini hakuhukumu bado, alipapasa kwanza bomba lote kutafuta ufa, kwa sababu bomba likitoboka kabla ya pua huvuta hewa ya pembeni, na pua, bila kosa lake, itatoa taarifa ya uongo. Gari likiwa zito mlimani alikuwa na kipimo chake, aliifungua pua, akaacha tundu lake wazi, akaliendesha likinguruma kama trekta, na likipata nguvu alijua moshi ulikuwa umekosa pa kutokea, masega yameziba. Mengi yaliziba, maana petroli tuliyouziwa miaka ile ilikuwa na madini ya risasi, nayo risasi huua masega na pua pamoja, yaani tulinunua gari la watu wasafi tukalilisha sumu.

Mwezi Septemba 2002 jirani yetu, Mzee Primus, ambaye yupo hapa, shikamoo meku, alileta gari lake la mwaka 1988 lililokuwa likishindwa mlima kutoka Himo kwenda Marangu, baada ya mafundi watatu kulishindwa, mmoja wao akidai amesafisha kabureta, na gari lenyewe halina kabureta. Marehemu alilipima, likapanda kwa kelele bila pua, akafungua kopo, akakuta masega yameyeyuka yamekuwa donge, akayatoa vipande vipande kwa kuwa mapya hayakupatikana popote mjini, na kama alivyofanya kwa kila mteja, akamkabidhi mwenye mali alichokitoa.

Mwezi Januari 2004 akapita mnunuzi mmoja wa vyuma chakavu Tarakea, akasema ndani ya masega kuna madini ghali kuliko dhahabu, Mzee Primus akalikatisha bomba lake, akakuta kopo tupu, na Jumapili iliyofuata, watu wakitoka misani, akasimama hapo nje ya kanisa akapaza sauti, "Rogath amekula dhahabu yangu!" Marehemu alijibu neno moja, "Nilikupa mkononi," hakurudia tena. Wateja wakapungua, jumuiya ikaacha kusali kwetu, watoto wa shule wakatutungia wimbo, na mimi, graduate mzima, nikawa namwambia, Baba, jitetee, sema kitu.

Mwezi Agosti 2004 figo zake zilianza kushindwa kazi, akalazwa mara tatu, na mara ya mwisho, nilipokuwa namtukana Mzee Primus kwa lugha zote ninazozijua, alinishika mkono akasema, "Mama, Primus pua yake ni nzima. Ni bomba limetoboka mahali, amevuta hewa ya pembeni." Alifariki dunia Jumamosi tarehe 9 Julai 2005, saa nne asubuhi, akiwa bado ni mwizi.

Jumatatu, majirani walipokuwa wanakusanya vyombo vya msiba, Mama Eunike, mke wa Mzee Primus, aliingia stoo kwake kutafuta sufuria kubwa, chini ya sufuria akakuta kopo la mafuta ya kula limefungwa kwa waya, akaja nalo hapa mbele ya wanawake wote, akaniambia, "Soma wewe, mwanangu, mimi macho hayaoni vizuri," na alikuwa anaona vizuri sana. Limeandikwa kwa rangi nyeupe, mwandiko wa Baba: Mali ya Mzee Primus. Masega. 21/9/2002. Usitupe.

Jana asubuhi Mzee Primus alisimama getini ameshika kwa mikono miwili jani la isale, ambalo, kwa faida ya wageni wetu, ndiyo njia ya Mchaga ya kuomba msamaha, nami nilikuwa na jibu langu tayari, in English, lakini Bibi Anyesi alinisogeza kwa fimbo, akalipokea jani mwenyewe, akasema isale halikataliwi, na ndilo hilo mnaloliona juu ya jeneza. Bibi, swali lako limejibiwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika na kuchimba, mafundi wa Pasua mliofunga gereji siku tatu, na Mama Eunike, ambaye angeweza kulirudisha lile kopo chini ya sufuria.

Meku Primus, naomba usogee. Hii ni mali yako, tunakukabidhi mkononi kwa mara ya pili, safari hii mbele ya mashahidi.

Baba, lala kwa amani. Taa imezimika yenyewe, hakuna aliyetoa balbu.