Mji wa Mzee Bernard

— Elfu kumi kwa ajili ya mwongo? Mimi sitoi.

Aliyesema hivyo ni Sangwa, fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo. Benchi lote la wanywa kahawa linamwita Makasi, maana ulimi wake haubagui kitambaa. Kila mtu wa benchi alitakiwa kuchangia matanga ya mzee Bernard, aliyezikwa juzi. Miaka nenda rudi mzee huyo alikunywa kahawa ya Xavérine, muuzaji wa hapo, akisimulia kwamba enzi za ujana wake Uganda, kwenye vita vya sabini na tisa, alirusha ndege ya mabomu.

— Rubani gani anaogopa ngazi ya ghorofa? akauliza Makasi.

Armel wa pikipiki, yeye wanamwita Profesa, akasema mzee alikuwa akifagia ndege tu. Halafu akageuza: alirusha, ila mabomu yalikuwa ya mbao, ya kutishia watu. Mwisho akaapa kwamba bomu moja lilikataa kudondoka, mzee akatua nalo, akalioa.

Walicheka. Xavérine alikuwa akisuuza kikombe cha marehemu.

— Sasa Profesa, iko siku moja mulimuacha amalize?

Haikuwepo, na Makasi alijua kwa nini. Mzee akifika pale kidole kiko kwenye kitufe cha kuangusha bomu, akianza kusema “chini yangu ulikuwa mji wa…”, benchi zima liligonga vikombe kwa pamoja, puu, kicheko juu. Mzee alitabasamu, akamaliza kahawa, akaenda zake. Mchezo huo aliuanzisha Makasi mwenyewe.

Ndipo akaja Kaliza, binti wa marehemu, kitambaa cha msiba kichwani. Akawaamkia mmoja mmoja, akakataa kukaa. Alisema baba yake alimwagiza aende kwenye mji alioupiga, akawaombe radhi watu wake kwa niaba yake. Jina la mji, mzee akaahidi kulitaja kesho. Kesho yake kiharusi kikamfunga mdomo.

— Nikimuuliza, alikuwa ananyoosha mkono huku, kwenye benchi yenu. Baba zangu, ni mji gani?

Profesa aliinamia kikombe chake. Makasi alitafuta hata herufi ya kwanza. Kichwani mwake kulikuwa na mlio wa vikombe tu. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe. Akaweka elfu kumi juu ya benchi, akaongeza nyingine.

Kaliza hakuzigusa.

— Faranga sitaki, baba. Munipe jina la mji.