Shangazi Subiri Anatuachia Dirisha

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Shangazi Subiri anastaafu, na sisi wa kitengo cha viza za kazi tumeanza kununa mapema.

Aliingia akiwa karani wa masjala, akapanda hadi mkuu wa kitengo, lakini foleni ikirefuka alirudi kukaa dirishani. Jina alilipata hapo. Mgeni akishika pochi tu ili alipe ada, humwambia, "Subiri", kisha huomba pasipoti na kutazama muhuri wa kuingilia nchini. Siku moja alimsubirisha hata mgeni wa mkurugenzi, na mkurugenzi mwenyewe akasimama pembeni, mpole kabisa.

Ada maalumu ya wataalamu wa kigeni ilipoanza, tulikuwa tunaitoza kwa mazoea: mgeni, mtaalamu, lipa. Shangazi alitusema hadi ikatuingia. Ada ni ya mfanyakazi anayeombewa viza akiwa bado nje ya nchi. Aliyemo nchini kihalali, anayebadilisha kibali au kukiongeza muda, haimhusu, ilimradi asisafiri kabla ombi lake halijajibiwa.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililomliza muuguzi mmoja wa watoto njiti, binti wa kigeni aliyesomea hapa hapa. Hospitali ilikuwa imemwombea kibali cha kazi, na wiki hiyohiyo ikaja simu kwamba mama yake yuko mahututi kwao. Akiondoka, ombi linaanguka, ada inamhusu, na hospitali haiwezi kuilipa. Akibaki, huenda asimwone mama tena.

Shangazi hakumdanganya. Alimwambia, "Mwanangu, sheria siwezi kuipinda, ila kuwasumbua wakubwa naweza. Nipe hadi Alhamisi."

Asubuhi na jioni akawa anapanda ghorofa ya tano, na magoti yake yale tunayoyajua, anakaa mbele ya afisa wa kuidhinisha bila kusema neno. Jumatano idhini ikatoka. Binti akasafiri, na aliporudi hakutozwa ada, maana ombi lilishapita. Mama hakupona, lakini siku zake za mwisho alilishwa na mkono wa bintiye.

Shangazi, asante kwa kutulea. Tunakutakia uzee wenye afya, na watu wa kukupenda kama tunavyokupenda. Yule muuguzi amebadilishana zamu ili aje kukuaga. Amesema atakaa pembeni yako, na hakuna aliyebisha.